Kisa cha Microsoft 2019: hela ilirudi, vitabu havikurudi

Tarehe 2 Aprili 2019 Microsoft walitangaza wanafunga sehemu ya vitabu kwenye duka lao la mtandaoni, na siku hiyohiyo ikawa hununui tena wala hukodi kitabu pale. Mpaka hapo hakuna cha ajabu, maduka yanafungwa kila siku. Kilichoshtua ni kilichoandikwa chini kidogo, kwamba kuanzia mwanzoni mwa Julai hata vile ulivyokwisha kununua havitafunguka. Vyote. Ulivyolipia, ulivyochukua bure, ulivyoanza ukaviacha njiani, na hata kile ulichobakiza sura moja tu ukimalize. Na kila aliyelipa atarudishiwa hela yake yote.

Kisa hiki kinatajwa sana kama mfano wa kampuni kubwa kuwadhulumu wasomaji, na hapo ndo mi natofautiana na wengi. Dhuluma gani hapo? Notisi ya miezi mitatu walitoa, hela walirudisha bila mtu kubembeleza wala kujaza mafomu, na waliokuwa wameweka alama na noti kwenye vitabu vyao wakaongezewa dola 25. Yaani karibu kila kitu ambacho ungemwomba muuzaji anayefunga duka akifanye, walikifanya. Kisa kina uzito kwa sababu hiyohiyo. Huu ndo mwisho mzuri kuliko wote ambao kitabu chenye kufuli ya kidijitali, yaani kisichofunguka bila ruhusa ya duka, kinaweza kuupata, umesimamiwa na kampuni tajiri kupindukia, na bado msomaji alitoka hana kitabu. Sasa we fikiria likifungwa duka la kampuni iliyofilisika.

Tuanze na duka lenyewe. Lilikuja 2017 pamoja na ile apdeti ya Windows 10 iliyoitwa Creators Update. Vitabu vyake vilikuwa vya EPUB, ambao ni muundo unaotumika karibu kila mahali ukiiacha Kindle (kifaa cha kusomea vitabu cha Amazon), ila vilikuwa na kufuli ya kidijitali na vilisomeka ndani ya brauza ya Edge tu. Hawakutoa kifaa chochote cha kusomea chenye skrini ya wino wa kielektroniki, ukitaka kusoma unafungua brauza, tena brauza ambayo watu wengi wakinunua kompyuta mpya walikuwa wanaifungua mara moja, kwenda kudaunlodi brauza nyingine. Kushindana na Amazon namna hiyo ni kujitafutia, maana Kindle ilikuwa sokoni tangu Novemba 2007 na watu walishajaza maktaba zao kule, nani atahama akasomee riwaya kwenye brauza ya laptopu?

Na haikuwa mara yao ya kwanza, hapa ndo wakongwe wa haya mambo walikuwa wanatikisa vichwa. Mwaka 2000 Microsoft walitoa programu ya kusomea vitabu iliyoitwa Microsoft Reader, mafaili yake yanaishia na .lit, na Agosti 2012 wakaizika. Mwaka huohuo 2012 wakamwaga dola milioni 300 kwenye Nook, biashara ya vitabu pepe ya maduka ya vitabu ya Barnes & Noble, ikafika Desemba 2014 wakajitoa. Halafu 2017 wanarudi tena na duka. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, lakini wanunuzi wa 2017 wengi wao hawakuwa wale walioumwa na .lit, ni watu wapya waliobofya kitufe kwenye kompyuta mpya.

Kwenye sababu ya kufunga, maelezo ya kampuni yalikuwa ya kawaida tu, kwamba wanalipanga upya duka lielekee kwenye mambo mengine. Mi naangalia zaidi kilichotokea Desemba 2018, miezi minne kabla, walipotangaza kwamba Edge inaachana na injini yake ya zamani na itajengwa upya juu ya Chromium, msingi uleule wa brauza ya Chrome ya Google. Ukibadilisha injini ya brauza inabidi kila kilichojengwa juu yake ukijenge tena, na hiyo sehemu ya kusomea EPUB ilikuwa ni moja ya hivyo vitu. Nani angetoa bajeti ya kuijenga upya kwa ajili ya duka lisilouza? Baadaye mwaka huohuo 2019 hata Edge ya zamani ikaanza kuwaambia watu watafute programu nyingine ya kusomea EPUB. Kwahiyo mtu alinunua kitabu, kumbe hatima ya kitabu hicho imefungwa kwenye maamuzi ya mainjinia wa brauza ambao siku wanaamua wala hawakuwa wanawaza vitabu.

Sasa twende kwenye kufuli yenyewe, maana watu wengi wanaisikia tu. Chukua kitabu cha EPUB kisicho na kufuli, kwa mfano kimoja cha Project Gutenberg, ule mradi alioanzisha Michael Hart 1971 wa kuweka bure vitabu ambavyo hakimiliki zimeisha. Badilisha mwisho wa jina la faili kutoka .epub uweke .zip, kisha lifungue. Utakuta kifaili kidogo kinaitwa mimetype, ndani yake kuna maneno application/epub+zip basi. Kuna folda ya META-INF, humo kuna container.xml ambayo kazi yake ni kuonyesha faili la .opf liko wapi, na hilo .opf ndo lina orodha ya vitu vyote vilivyomo na mpangilio wa kuvisoma. Halafu sura zenyewe, mara nyingi kila moja ina faili lake la XHTML, yaani ni ukurasa wa wavuti wa kawaida kabisa, unaweza kuusoma hata kwa Notepad ukivumilia vile vitagi. Jalada ni picha tu. Hakuna muujiza, kitabu kizima ni tovuti ndogo iliyofungwa kwenye zip, na ndo maana programu chungu nzima zinaweza kukifungua, za jana, za leo, na mtu yeyote mwenye ujuzi kidogo anaweza kuandika yake kesho.

Fanya hivyohivyo kwa kitabu chenye kufuli ya Adobe, ambayo ndo inatumiwa na maduka mengi ya EPUB. Kwenye META-INF utakuta wameongezeka wageni wawili, rights.xml na encryption.xml, na hii ya pili inataja faili gani na gani zimesimbwa. Fungua sura ya kwanza sasa. Ni takataka tupu, herufi za ajabuajabu. Kitabu kipo kwenye diski yako, kimekula nafasi yako, lakini bila ufunguo hakina tofauti na kelele, na huo ufunguo haukuja pamoja na faili, programu ya kusomea inaupata kutoka kwenye seva baada ya kuhakikisha akaunti ni yako na kifaa kimesajiliwa. Ukibadilisha kompyuta inauliza tena. Ukipiga Windows upya inauliza tena. Kila kampuni ina namna yake, ila msingi ndo huo, lazima mahali fulani kuwe na seva inayojibu ndiyo, na seva hiyo ni ya mtu mwingine, inalipiwa umeme na mtu mwingine, na siku akichoka kulipa anaizima.

Kwahiyo swali la maana ni je, Microsoft walikuwa na njia nyingine? Nazihesabu tatu, na kila moja ina mfano wake.

Ya kwanza ni kuacha seva ziendelee tu kujibu. Hili waliwahi kulifanya wao wenyewe, tena kwa kulazimishwa na kelele. Aprili 2008 waliwaandikia wateja wa duka lao la muziki, MSN Music, kwamba baada ya tarehe 31 Agosti mwaka ule seva za leseni za nyimbo zitazimwa, maana yake wimbo wako utaendelea kwenye kompyuta uliyonayo lakini ukihamia nyingine imekula kwako. Watu wakaja juu, na kufika Juni wakarudi nyuma wakasema wataziacha mpaka 2011 angalau. Sasa linganisha, 2008 ilikuwa hakuna kurudishiwa hela, unabaki na nyimbo mpaka kompyuta ife. 2019 hela zinarudi na vitabu vinaondoka siku moja kwa wote. Ukiniuliza mimi, kama mteja naona ya 2019 ni ya kistaarabu zaidi. Kama msomaji sina uhakika kabisa, maana ile kompyuta inayokufa polepole ingenipa miaka mitatu minne ya kumalizia vitabu vyangu.

Ya pili ni kuwahamishia wateja kwa muuzaji mwingine. Sony walifanya hivyo 2014 walipofunga duka lao la vitabu Amerika Kaskazini, wateja na vitabu vyao wakapelekwa Kobo, duka jingine la vitabu pepe. Hii inasikika nzuri, na kwa kweli ndo njia ninayoiheshimu zaidi, ila nayo ina matundu. Duka linalokupokea lazima liwe na haki ya kuuza kitabu hichohicho katika nchi hiyohiyo, kwahiyo vichwa ambavyo Kobo hawakuwa navyo havikuweza kuhama. Na noti zako zilizokaa kwenye mfumo wa zamani usitegemee zitahama na kitabu. Na anayekupokea leo naye ni duka, kesho anaweza kufunga. Barnes & Noble walipoiondoa Nook Uingereza 2016 waliwakabidhi wateja kwa duka la mtandaoni la supamaketi za Sainsbury's, nao Sainsbury's hawakukaa muda wakatoka kwenye biashara ya vitabu pepe, msomaji akahamishwa tena, safari hii kwa Kobo. Mtu hajahama nyumba wala hajabadilisha kompyuta, vitabu vyake vimeshapita mikono mitatu.

Ya tatu ni kuvunja kufuli, yaani kuwaambia watu, jamani tunafunga, pakueni mafaili yenu yasiyo na kufuli, kwaherini. Kiufundi ni kazi ndogo. Lakini vitabu havikuwa vya Microsoft kuvifungulia, wachapishaji wanauza kwa mkataba, na pale ambapo mchapishaji amesema kitabu kiuzwe na kufuli duka haliwezi kuamka asubuhi moja likagawa nakala wazi. Kwenye lawama za 2019 wachapishaji walipita kimyakimya kama vile hawahusiki, na hilo si sawa hata kidogo. Mchapishaji anayeuza bila kufuli, msomaji wake haathiriki na duka kufa. Tor, wale wa riwaya za kisayansi na fantasia chini ya kampuni ya uchapishaji ya Macmillan, waliamua 2012 kuuza vitabu vyao bila kufuli na mpaka leo wapo, wanauza.

Ikabaki ya nne, waliyoichagua, kurudisha hela. Na tuwe wakweli, hii inawezekana pale tu ambapo mauzo yenyewe yalikuwa madogo na mwenye duka ana mfuko mrefu. Muuzaji ambaye vitabu ndo ugali wake hawezi kurudisha mauzo ya miaka kumi, hela ile ilishaenda kwa wachapishaji na waandishi zamani. Ndo maana nikisikia mtu anasema "si hata duka likifungwa watarudisha hela kama Microsoft" huwa nacheka, huo haukuwa utaratibu wa biashara ya vitabu, ule ulikuwa ukarimu wa kampuni ambayo hela hiyo haikuiumiza.

Hata hiyo hela yenyewe iangalie kwa karibu. Inarudi kwenye kadi uliyolipia. Kama kadi imeisha muda, au ulilipa kwa salio la zawadi, inaingia kwenye akaunti yako ya Microsoft kama salio la kutumia kwenye duka la Microsoft, duka ambalo sasa haliuzi vitabu! Na kama kitabu ulikinunua kwenye ofa kwa nusu bei, utarudishiwa hiyo nusu, ukienda kukinunua kwingine leo ni bei kamili. Vile vya bure vinarudishiwa sifuri, sawa, ila navyo vimeondoka.

Tukija kwenye zile dola 25 ndo utamu wa kisa ulipo. Masharti yalisema kama uliweka alama au noti kwenye kitabu chochote kabla ya tarehe 2 Aprili unapata dola 25 za salio kwenye akaunti. Kiwango kimoja kwa mtu. Aliyepigia mstari neno moja kwa bahati mbaya wakati anavuta ukurasa anapata 25, na mwanafunzi wa uzamili aliyekaa na vitabu vyake muhula mzima akiandika pembeni anapata 25. Huwezi kuwalaumu sana kwa hesabu, wangefanyaje, wakae wasome noti za watu wazipangie bei? Lakini kule kutoa tu hiyo hela ni kukiri kwamba kuna kitu kilichoharibika ambacho bei ya kitabu haikifikii. Kitabu kinaweza kununuliwa tena. Kile ulichoandika usiku fulani ulipoelewa jambo, hakiuzwi popote.

Kuna mwenzake wa kisa hiki, wa Julai 2009, kinachojulikana zaidi. Amazon walifuta kwenye Kindle za watu nakala za vitabu viwili vya George Orwell, kimojawapo 1984 (ndio, hichohicho cha serikali inayofuta maandishi, mwandishi wa vichekesho asingethubutu). Sababu ni kwamba aliyewauzia kupitia Amazon hakuwa na haki ya kuviuza Marekani. Hela zikarudishwa na vitabu vikatoweka kwenye vifaa watu wakiwa wamelala. Mwanafunzi mmoja alikwenda mahakamani kwa sababu noti alizoandika kwa ajili ya masomo zilibaki bila maandishi ya kuziegemea. Jeff Bezos, bosi wa Amazon wakati ule, aliomba radhi hadharani, na Septemba 2009 kampuni ikawapa walioathirika chaguo, tukurudishie kitabu pamoja na noti zako, au chukua dola 30.

Dola 30 mwaka 2009, dola 25 mwaka 2019. Nimeshindwa kujizuia kuziweka pamoja. Ila tofauti kubwa haipo kwenye hizo dola tano, ipo kwenye lile chaguo. Amazon wangeweza kurudisha noti kwa sababu duka lao lilikuwa hai, kitabu kipo, noti zimehifadhiwa kwenye seva zao, unaziunganisha tu. Microsoft hawakuwa na pa kuzirudishia. Noti ya kidijitali kwa kawaida haibebi sentensi inayoizungumzia, inabeba anwani, yaani sura ya ngapi, aya ya ngapi, herufi ya ngapi mpaka ya ngapi. Kwenye EPUB kuna hadi utaratibu rasmi wa kuandika anwani hizo unaitwa CFI, na Kindle wana namba zao za lokesheni. Ukiondoa kitabu, ile noti yako iliyosema "hapa anajipinga mwenyewe, linganisha na mwanzo" inabaki inaelea. Hapa wapi? Nani anajipinga?

Upande wa sheria nitapita haraka maana hautusaidii sana. Kitabu cha karatasi ukishakinunua unaweza kukiuza, kukigawa, kukirithisha, na Marekani Mahakama ya Juu ilishalisema hilo tangu 1908, kwamba mchapishaji akishauza nakala hana tena mkono juu yake. Kwa mafaili mambo ni mengine. Desemba 2018 mahakama ya rufaa kule New York iliikatalia ReDigi, waliokuwa wanauza muziki wa kidijitali uliotumika, na Desemba 2019, miezi michache baada ya vitabu vya Microsoft kuzimwa, mahakama ya Umoja wa Ulaya ikaamua hivyohivyo kwenye kesi ya Tom Kabinet ya Uholanzi kuhusu vitabu pepe vya mitumba. Na ukisema basi nitaivunja kufuli mwenyewe, Marekani kuna sheria ya 1998, ile DMCA, inayokataza hata kama kitabu umekilipia, ikiacha mianya michache kama ile ya wasioona wanaohitaji programu ya kuwasomea kwa sauti.

Kitu kimoja kimebadilika. California walipitisha sheria 2024, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2025, inayomkataza muuzaji kumwonyesha mtu kwamba ananunua bidhaa ya kidijitali bila kumweleza wazi kuwa anachopata ni leseni, isipokuwa kama unaweza kuipakua na kubaki nayo moja kwa moja bila kuhitaji mtandao. Ni hatua nzuri, mi naiunga mkono, ila angalia inafanya nini, inamlazimisha muuzaji aseme ukweli, haimlazimishi akuachie kitabu. Na hata miezi miwili haijaisha, tarehe 26 Februari 2025, Amazon wakaondoa ile njia ya kupakua kitabu cha Kindle kwenye kompyuta na kukihamishia kwenye kifaa kwa waya wa USB. Wengi hawakuwa wanaitumia, ni kweli. Lakini waliokuwa wanaitumia ndo walewale waliokumbuka 2009 na 2019, watu wanaotaka faili likae kwao.

Sasa msomaji afanye nini? Mi sio wa kusema tuvitupe hivi vifaa turudi kwenye karatasi, nasomea kifaa karibu kila siku, nakuza herufi macho yakichoka, nagusa neno kamusi inafunguka, na kubeba maktaba nzima mfukoni ni jambo ambalo silirudishi nyuma. Ninachofanya ni kutenganisha. Riwaya ya kusoma mara moja uimalize uisahau, kufuli hainisumbui, naihesabu kama nimekodi, na nikiihesabu hivyo nakuwa mgumu pia kulipa bei ya karatasi kwa kitu cha kukodi. Kitabu cha kazi, cha rejea, kile nitakachokichorachora na kukirudia miaka, huko nakuwa mkali, natafuta kisicho na kufuli kwanza, nikikosa naangalia karatasi.

Na kutambua si kazi, ni vile watu hawaangalii. Kwenye duka la Kobo shuka chini kwenye maelezo ya kitabu mpaka palipoandikwa namna za kupakua, kama pana neno Adobe hapo kuna kufuli, kama pameandikwa DRM-Free, yaani bila kufuli (DRM ndo jina la hiyo kufuli), ni faili lako. Amazon nao kwa baadhi ya vitabu huweka mstari kwamba mchapishaji ameomba kiuzwe bila DRM, ila umejificha, lazima uutafute kwa makusudi. Wachapishaji wengine wadogo na waandishi wanaojichapishia huuza EPUB wazi kwenye tovuti zao wenyewe, unalipa, unapakua, unaweka bekapu mbili, unasahau kama kuna seva duniani.

Kwa vile ambavyo tayari unavyo na vina kufuli, kitabu huwezi kukitoa lakini noti unaweza, na hilo lisingoje tangazo. Ukiwa na Kindle ichomeke kwenye kompyuta, fungua folda ya documents, humo kuna faili la maandishi ya kawaida linaitwa My Clippings.txt, kila ulichopigia mstari kipo humo na jina la kitabu, lokesheni na tarehe, vimetenganishwa na mistari ya alama za sawasawa. Nakili ukaweke kwako. Jihadhari tu kwamba mchapishaji anaweza kuweka kikomo cha kiasi gani cha kitabu kinaruhusiwa kutoka kwa njia hiyo, ukikivuka faili linaacha kunakili maandishi na kukuambia umefika kikomo, kwahiyo wale wanaopigia mstari kila sentensi punguzeni mkono. Na kwenye noti zako za maana andika jina la sura na maneno matano sita ya sentensi unayoizungumzia, kwa sababu lokesheni 2314 ya programu moja haina maana yoyote ndani ya programu nyingine, hata kitabu kikiwa ni kilekile.